Ng'ombe akiugua, mchungaji yu hatarini

Mimi ni daktari wa watu, si wa ng'ombe. Hata hivyo, mfugaji wa Ngao anapokuja na homa na maumivu ya viungo, swali langu la kwanza ni hili: mifugo yako ni wazima?

Sababu ninayo. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa ilileta mbu wengi, na homa ya Bonde la Ufa ikazuka Kaskazini Mashariki, ikafika Tana River. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa mimba, na wadogo wao hufa. Mtu huambukizwa na mbu, au akishika damu na mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu.

Basi anayeona dalili mwanzo ni mfugaji, si daktari. Kijana aliyesomea afya ya mifugo angetoa habari kabla wodi hazijajaa. Lakini vyuo vya Kabete, Nyahururu na Ndomba viko mbali, na kijana wa Kiorma au Kipokomo ataliachia nani zizi na shamba?

Maoni yangu ni kwamba masomo hayo yafundishwe Garsen kwa vipindi: wiki moja darasani, tatu malishoni. Tena yawe ya cheti, kwani sheria ya 2011 yataka mhudumu wa mifugo asajiliwe.

Nawe msomaji wa mjini, chemsha maziwa, na usinunue nyama isiyopimwa. Kitoweo chako hutoka huko huko.