Akiba Haiozi, Ila ya Mtu

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Walisema kweli, kwa sababu walikuwa wakisema juu ya mtama wa ghalani na fedha ya kibindoni. Mtama hausikii usingizi, wala fedha haina mtoto wa kuiulizia jioni. Lakini zama zetu zimezua akiba ya namna nyingine, akiba ya watu, kisha zikaivisha mithali ile ile bila ya kuuliza kama yaienea. Nataka katika kurasa hizi kuonyesha kwamba haiienei, na kwamba maneno matatu yanayoitetea, yaani akiba, hiari na mapumziko, yametolewa katika maana zake na kutumwa kazi isiyo yao.

Mfano wangu nautoa Marekani, katika mashirika ya ndege za abiria, kwa sababu huko jambo hili limekomaa na kumbukumbu zake zimeandikwa. Kila mwezi shirika hupanga safari zake, na marubani huzichagua kwa kufuata ukongwe wa kazi. Aliyeajiriwa kwanza huchagua kwanza; huchagua kituo cha kazi, aina ya ndege, safari na siku za kukaa nyumbani. Aliyeajiriwa mwisho hupata kilichosazwa, na aghalabu kilichosazwa si safari hata moja, bali ni siku za kungoja. Huyo ndiye rubani wa akiba. Mwenziwe akiugua, ndege ikichelewa, au theluji ikianguka Chicago na kuvuruga safari za nchi nzima, ndipo simu yake hulia. Kama yumo katika mwito mfupi, hutakiwa awe uwanjani aghalabu katika muda wa saa 2 au karibu na hizo. Sheria inayotumika tangu Januari 2014 inaruhusu awekwe tayari namna hiyo kwa kipindi kisichozidi saa 14.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Kazi yoyote inayohudumia umma haikosi kuwa na wangojeaji. Mkunga hungoja, mzima moto hungoja, na daktari wa zamu hungoja. Ugomvi wangu unaanza pale mngojeaji anapotakiwa angoje katika mji asiokaa, kwa gharama yake, na kwa saa ambazo hakuna daftari linaloziandika.

Tumfikirie rubani ambaye nyumba yake, mke wake na watoto wake wako Pittsburgh, na kituo chake ni New York. Zamu yake ya kungoja inaanza Jumatatu alfajiri. Yeye huondoka kwake Jumapili, kwa kuwa hakuna ndege ya kumfikisha mapema siku ile ile. Hana tiketi. Anayo ruhusa ya kuomba kiti kilichobaki, au kile kiti kidogo cha ziada kilichomo katika chumba cha marubani, na hukipata kwa idhini ya kapteni wa ndege ile kama hakuna mwenye haki zaidi kuliko yeye. Ndege ya kwanza ikijaa hungoja ya pili. Ya pili ikijaa hungoja ya tatu. Akifika New York hana nyumba, ana kitanda. Amekipanga pamoja na wenzake katika chumba chenye vitanda vya juu na chini, kitanda kimoja wakati mwingine kikilaliwa leo na huyu na kesho na yule. Mtaa wa Kew Gardens, katika Queens, umejaa vyumba vya jinsi hiyo hata watu wakaupachika jina la utani la Crew Gardens. Hapo hukaa siku 4, au 5, au 6, simu mkononi na sare ukutani. Huenda asiitwe hata mara moja. Siku ya mwisho hukimbilia uwanjani kuomba tena kiti cha kumrudisha kwake. Katika siku zake za mapumziko, moja imeliwa na kwenda na nyingine imeliwa na kurudi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni; huyu amefungwa kamba mbili, moja kila upande.

Watetezi wa mpango huu hawausifu. Wao hujibu kwa neno moja tu: hiari. Husema hakuna aliyemshurutisha rubani kukaa Pittsburgh; na ahamie New York, taabu yake itakwisha. Jawabu hili ni fupi, na ufupi wake ndio unaowavutia watu. Tulipime.

Hiari ni uwezo wa kuchagua kati ya mambo mawili yanayowezekana. Mji wa Pittsburgh ulikuwa kitovu cha safari za US Airways mpaka mwaka 2004, shirika lilipoupunguzia cheo hicho. Memphis ilikuwa kitovu cha Northwest, kisha ikarithiwa na Delta, nayo ikaacha kuwa kitovu mwaka 2013. Rubani aliyenunua nyumba katika miji hiyo alikuwa amefanya lile lile analohimizwa leo: alikaa karibu na kazi yake. Kilichohama ni kazi, hakikuhama kitu kingine. Je, imekuwaje basi anayebaki mahali pake aitwe msafiri kwa hiari, na aliyeondoka asiulizwe neno? Tena rubani kijana hana hakika na kituo chake hata kwa mwaka mmoja. Ukongwe wake ukipanda kidogo atapelekwa penginepo. Shirika likipungukiwa na safari atarudishwa. Kumwambia ahame kila kituo kinapobadilika ni kumwambia mke wake aache kazi na watoto wake waache shule kila ratiba inapochapishwa upya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kituo cha kudumu hamjui mwenye kituo cha kupita.

Haki na itendeke kwa upande wa pili. Marubani wengi wenyewe huipenda ruhusa ya kukaa watakako, na hawangefurahi sheria ikiwakataza. Mkongwe ambaye safari zake zote anazijua mwezi mzima kabla, naye hukaa Florida kwa ajili ya jua na kwenda New York mara 3 kwa mwezi, huyo kwa hakika amechagua. Mimi simtetei, kwani hana haja ya kutetewa. Lakini hoja iliyo kweli kwa mkongwe haiwi kweli kwa mwanagenzi kwa sababu wote wawili wamevaa sare moja. Mkongwe anasafiri kwenda katika safari aliyoichagua. Rubani wa akiba anasafiri kwenda kungoja safari asiyoijua, ambayo yamkini haipo.

Sasa nije kwenye neno mapumziko, ambalo limeonewa kuliko yote. Sheria ile ya 2014 inamtaka rubani apewe saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, na katika hizo apate nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Ni sheria njema, nami naisifu, ingawa iliwaacha nje marubani wa ndege za mizigo kana kwamba maboksi hulinda macho ya mtu yasifumbe. Lakini iangalie inavyohesabu safari. Shirika likimpeleka rubani kwa ndege kutoka mji mmoja mpaka mwingine ili aanze kazi huko, saa za safari hiyo ni saa za kazi ingawa amekaa katika kiti cha abiria. Rubani akijipeleka mwenyewe kutoka kwake mpaka kituoni, katika ndege ile ile, katika kiti kile kile, kwa saa zile zile, safari yake huhesabiwa kuwa si kazi. Mwili wake haujui tofauti hiyo. Kiuno kinachouma ni kimoja, na usingizi uliokosekana ni ule ule. Karatasi peke yake ndiyo inayoona tofauti. Kisha, kabla ya kuruka, rubani hutakiwa athibitishe kwamba yu fiti kwa kazi. Hivyo sheria inamwachia yeye shahada, nayo inabaki na usafi wa mikono.

Kwamba haya si maneno ya mezani tu, ushahidi upo. Tarehe 12 Februari 2009, saa 4 na robo usiku, ndege ya Colgan Air, safari 3407 kutoka Newark kwenda Buffalo, ilianguka juu ya nyumba katika kijiji cha Clarence Center. Walikufa watu 49 waliokuwamo ndani yake, na mmoja aliyekuwa nyumbani mwake. Kapteni alikuwa mkazi wa Florida, naye alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani Newark. Rubani msaidizi alikaa karibu na Seattle, kiasi cha kilomita 3,900 kutoka kituo chake. Usiku wa kuamkia siku ile alisafiri kwa ndege za mizigo, akabadilisha ndege Memphis, akafika Newark asubuhi mapema, tena akiwa na mafua. Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kuwa katika marubani wa shirika hilo waliowekwa Newark, 93, yaani kama asilimia 68, walikuwa wakitoka miji ya mbali.

Sitaki kuufanya ushahidi huu useme zaidi ya ulivyosema. Bodi iliona kwamba sababu ya ajali ni kapteni kuvuta usukani nyuma pale ilipompasa kuusukuma mbele. Juu ya uchovu, ilikubali kwamba yamkini uliwadhoofisha marubani, ila kiasi chake hakikuweza kupimwa. Mwenyekiti wake, Deborah Hersman, aliandika maoni yake ya pekee kwamba uchovu ungestahili kutajwa miongoni mwa visababishi. Mimi niko pamoja naye. Kisichopimika si sawa na kisichokuwapo. Moshi haupimwi kwa kibaba, lakini unapofusha macho.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na ndani yake likaagiza wataalamu waichunguze safari hii ya kwenda kazini. Ripoti yao ya 2011 ilisema hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kutungia kanuni, ikawashauri marubani wajipange vema wapate usingizi kabla ya kazi. Katika Ulaya mwongozo unasema kwamba ambaye safari yake kutoka nyumbani kwa kawaida hupita dakika 90 afikirie kupata malazi karibu na kituo. Ajipange! Afikirie! Katika mabara yote mawili kitenzi ni chepesi, na mtendaji ni yule yule: asiye na uwezo wa kuchagua zamu, kituo wala kiti.

Labda msomaji ataniuliza, mbona basi ndege hazianguki kila siku? Kweli hazianguki. Baada ya Buffalo, mashirika ya abiria ya Marekani yalikaa karibu miaka 16 bila ajali ya kuua watu wengi, mpaka ndege ya abiria na helikopta zilipogongana Washington tarehe 29 Januari 2025, nayo haikuwa habari ya marubani kulala. Tena mishahara ya mashirika madogo imepanda sana tangu mwaka 2022. Nayakubali yote. Lakini usalama ule ulinunuliwa kwa bei, na miongoni mwa walioilipa ni mtu yule aliyelala kitanda cha juu, akasikia simu saa 9 usiku, akanawa uso akaenda. Dhuluma haihitaji maiti ili iwe dhuluma. Yatosha kwamba mmoja anabeba mzigo wa kazi ya mwingine, na kwamba mzigo huo haukuandikwa popote.

Dawa si kumkataza mtu kukaa kwao. Dawa ni kuita vitu kwa majina yake. Anayewekwa katika mwito mfupi mbali na kwake yu kazini tangu alipotakiwa awe mji ule. Basi apewe chumba cha kulala peke yake, kwa gharama ya anayemngojesha. Apewe kiti cha hakika cha kwenda na kurudi, asiwe mwombaji katika ndege za shirika lake mwenyewe. Na saa za safari ya kwenda kungoja zihesabiwe kama zinavyohesabiwa za yule aliyetumwa. Hayo si ndoto: yako mashirika madogo yanayotoa hoteli siku kadhaa kwa mwezi, na yako ya mizigo na ya kukodi yanayomnunulia rubani tiketi kutoka uwanja ulio karibu na kwake. Yakiwezekana kwa wachache yanawezekana kwa wote.

Lugha yetu ilimwita rubani mtu huyu kabla ya kuwako ndege. Alikuwa yule aujuaye mkondo na mwamba, anayekiongoza chombo mpaka bandarini. Nahodha mwenye akili asingemkabidhi chombo chake rubani aliyekesha akiomba mtumbwi wa kumfikisha pwani, wala asingemwambia kuwa kukesha kwake ni hiari. Mtama wa ghalani huwekewa dari, hufukizwa moshi, na hulindwa na panya, ndipo ukaitwa akiba. Mtu asiyewekewa dari hajawekwa akiba. Ametupwa karibu na mlango, mpaka siku atakapotakiwa.