Ugonjwa Huu Si Uvivu



Hapa Onduparaka tunamfahamu dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi pamoja nasi. Hedhi yake ilikuwa ikipotea miezi mitatu, minne. Akanenepa, ndevu zikamwota kidevuni, mtoto hakupata. Nyumbani aliitwa tasa, kazini aliitwa mvivu. Siku tatu alishindwa kuja kazini kwa sababu usiku kucha alikuwa akilia. Msimamizi akamkata mshahara. Sisi wa kamati tulisoma jina lake katika orodha ya watoro, tukanyamaza. Hilo ni kosa letu, tunalikiri.

Baadaye daktari aliutambua ugonjwa wake. Ni ugonjwa wa ovari, mahali mayai ya uzazi yanapokaa, na kwa kifupi huitwa PCOS. Homoni za mwili huenda kombo, yai likakosa kutoka kwa wakati wake. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wanao, na wengi wao hawajui. Hesabuni wenyewe akina mama walio katika banda lenu.

Wenye ugonjwa huu hupatwa na huzuni nzito na wasiwasi kuliko wanawake wengine. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unawataka waganga wamchunguze kila mgonjwa wa namna hii hali ya moyo wake pia. Mzigo mmoja unatoka mwilini. Mzigo wa pili tunamtwika sisi kwa midomo yetu.

Ugonjwa hauishi kabisa, lakini hutunzwa, na wengi huzaa wakisaidiwa. Huzuni nayo hutibika. Hospitali ya Rufaa ya Arua ina idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko si aibu.

Basi tunadai mambo mawili. Kwetu wenyewe: matusi ya utasa yakome kazini. Kwa waajiri: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa kuugua, akiwa amekwisha kufanya kazi mwezi mmoja. Dada, toa habari mapema, leta cheti cha daktari, kisha njoo kwa kamati. Safari hii hatutanyamaza.

Umoja ni nguvu!