PATO LA NG'AMBO NA JEMBE LA NYUMBANI

Reli itokayo Kaliua hadi Mpanda ilijengwa zamani za utawala wa Waingereza ili ichukue risasi ya mgodi wetu. Leo yachukua abiria. Na kutoka bandari ya Karema vyombo huvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie. Vijana wa Katavi wanatafuta riziki Kongo, Zambia na mbali zaidi. Je, pato lao la huko litozwe kodi na nani?

Mataifa hayaafikiani. Marekani humtoza raia wake po pote aishipo. Eritrea huwadai raia wake walio ng'ambo asilimia 2 ya pato lao. Tanzania imeshika njia nyingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haitazami uraia, bali ukazi. Mkazi hutozwa kwa pato lake lote, la hapa na la ng'ambo. Asiye mkazi hutozwa kwa lile tu lipatikanalo hapa. Aliyekuwa mkazi kwa muda usiozidi miaka miwili maishani mwake haulizwi pato la nje. Wahenga walikwisha sema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Twaiona sheria hii kuwa ya haki. Mwalimu wa Mpanda hukatwa kodi kabla hajaushika mshahara wake. Je, jirani yake mwenye nyumba ya kupangisha ng'ambo akae kimya, hali wote wawili wanatumia hospitali ile ile? Hasha! Wala hadhulumiwi, maana kodi aliyolipa huko huweza kupunguzwa katika deni lake la hapa.

Lakini haki isiyoeleweka hufanana na dhuluma. Kijana mwenye makao ya kudumu Mpanda, akirudi nyumbani kwa sehemu yo yote ya mwaka, huhesabiwa mkazi. Ni wangapi wanaolijua hilo? Naye mama atumiwaye fedha za chakula na mwanawe asiogope: kodi hiyo ni ya pato la kazi, biashara na uwekezaji, si ya msaada wa mtoto kwa mzazi.

Kwa hiyo yawapasa maofisa wa Mamlaka ya Mapato wafike Karema, Mishamo na Katumba, wawaeleze wananchi kwa Kiswahili chepesi kabla ya kuwadai. Nasi, ndugu wanachama, tukiisha kuelewa, tusikimbie jembe letu. Kujenga nchi ni kazi ya wote, walio nyumbani na warudio nyumbani.