Maneno 12 kwa galari? Acheni hizo!

Wasee wa Shanzu, mnalia sana na wadukuzi, na yale maneno 12 ya waleti mmeyapiga skrinshoti yakalala kwa galari. Simu hiyohiyo unampelekea fundi Mtwapa na namba ya siri unamwachia! Adukue nini tena? Februari 2025 Bybit iliibiwa karibu dola bilioni 1.5, ikakopa ikafidia wateja. Wewe utafidiwa na nani? Bitcoin si M-Pesa, ati utume mesej kwa 456 irudishwe. Andika kwa karatasi, ficha vile nyanya huficha taitoli ya shamba (wenye nazo lakini). Na huyo kastama kea wa Telegram anayetaka hayo maneno ni mwizi, hata akikuita brathe.