Kifuu cha Nazi na Bei ya Kazi

Kila siku kabla ya adhuhuri, katika majiko ya Unguja, nazi huvunjwa, hukunwa juu ya mbuzi, hukamuliwa tui, na kifuu chake hutupwa. Hapana kitu kingine kinachobaki kwa wingi namna hiyo katika nyumba za Visiwani kisha kikahesabiwa kuwa si kitu. Kifuu huenda jaani, au huingizwa chini ya chungu kuwa kuni. Mpishi akishamaliza kukitia motoni, hunyosha mkono akachukua upawa wa plastiki ulioletwa kwa meli kutoka ng'ambo, ili akoroge mchuzi wa nazi ile ile ambayo tangu enzi na enzi kifuu chake ndicho kilichokuwa upawa.

Wako watakaosema kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kujadili kuliko vifuu. Na wasemavyo ni kweli, endapo kifuu kitatazamwa peke yake. Lakini nyuma ya kifuu limejificha swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha hadi leo: kazi ya mikono ina thamani gani, na ni nani mwenye haki ya kuipanga thamani hiyo?

Mahali panapofaa kulitazama swali hilo ni Kizimbani. Hapo ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa palipopandwa mikarafuu Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, katika shamba lililokuwa la Saleh bin Haramil kabla halijatwaliwa na Sayyid Said bin Sultan. Waliopanda na kuchuma karafuu hizo walikuwa watumwa, na bei ya jasho lao haikupata kuulizwa kwao. Zama hizo zimepita. Leo Kizimbani ina chuo cha kilimo na kituo cha utafiti vya umma, na mashamba ya viungo ya sehemu hiyo hupokea wageni kutoka pande zote za dunia, wanaokuja kuona mdalasini ukibanduliwa na hiliki ikiota chini ya shina.

Kila aliyewahi kufuatana na wageni hao anaijua safari yenyewe. Mtembezi hutangulia akieleza, mgeni hunusa jani na kuambiwa akisie jina lake, kijana mmoja hupanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni huku akiimba. Wakati huo wote kijana mwingine hufuata nyuma kimya kimya, mikono yake ikisuka makuti mabichi. Safari ikifika mwisho, mgeni huvikwa taji, hufungwa tai, mkewe hupewa kibeti, na mtoto hutundikiwa shingoni chura wa ukuti. Picha hupigwa, watu hucheka. Kisha mgeni hutia mkono mfukoni akatoa kile ambacho moyo wake umempa.

Hapo ndipo penye kasoro. Kijana yule amefanya kazi. Amechagua ukuti, ameupasua, amesuka taji kamili kwa muda mfupi kuliko ambao msomi mmoja angetumia kufunga mzigo wake. Lakini kazi hiyo haina bei. Aliyeipokea hakuambiwa kuwa ananunua, na aliyeitoa hakuthubutu kusema kuwa anauza. Baina yao kimewekwa kitu kinachoitwa bahashishi, nayo ikitoka ni shukrani, isipotoka hapana dai. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kwamba fundi naye atunzwe tu badala ya kulipwa.

Zaidi ya hayo, taji la ukuti hukauka kabla mgeni hajafika kwao. Kilichosukwa kwa ustadi mkubwa huachwa katika chumba cha hoteli, na mfagiaji hukitupa pamoja na maganda ya machungwa. Na huku nyuma, katika jiko la shamba lile lile ambamo wageni huandaliwa pilau na mchuzi, vifuu hurundikana. Jani lisilodumu ndilo lililofanywa kumbukumbu ya Zanzibar, na kifuu kinachodumu miaka kimefanywa taka.

Yafaa hapa ielezwe kazi yenyewe, kwa sababu vijana wengi wa mjini hawajapata kuiona ikifanywa. Si kila kifuu kinafaa kuwa upawa. Nazi ikipasuliwa vyema hutoa nusu mbili: moja ina macho, nyingine haina. Yenye macho huvuja, kwa kuwa moja ya macho yake matatu ni laini, nalo ndilo mlango wa chipukizi. Nusu hiyo ni haki ya moto. Isiyo na macho ndiyo ya kazi, tena iwe ya nazi iliyokomaa sawasawa, maana kifuu cha koroma ni chembamba na hupasuka kikikauka. Fundi hukwangua nyuzi za nje kwa kisu au kwa kigae cha chupa. Baadaye husugua kwa msasa hadi kifuu kitoe weusi wake na ile michirizi ya hudhurungi ambayo hapana kiwanda kinachoweza kuiiga. Hutoboa matundu mawili ya kupitisha mpini, na mpini huchongwa ukazidi unene kidogo, ili ukipigwa ukazane wenyewe bila msumari wala gundi. Mwisho chombo hupakwa mafuta ya nazi. Kata ya kuchotea maji mtungini hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, ila yenyewe hutaka kifuu chenye kina zaidi na mpini mrefu.

Upawa wa namna hiyo haukwaruzi sufuria, haushiki moto ukakuunguza mkono, wala hauyeyuki ukiachwa ukingoni mwa chungu. Hizo ni sifa za chombo bora. Hauhitaji kuombewa huruma kwa kuwa ni wa asili au kwa kuwa aliyeutengeneza ni maskini.

Pana hoja moja inayotolewa dhidi ya maneno kama haya, nayo haifai kudharauliwa. Wazee wengi wakisikia habari ya kutumia tena vitu vilivyotupwa hukumbuka dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchini kote, Bara na Visiwani. Kopo la maziwa lilitiwa utambi likawa koroboi. Gurudumu la gari lililokwisha lilikatwa likawa makatambuga. Debe la mafuta likawa ndoo, na likitoboka likakunjuliwa kuziba paa. Kanga iliyochakaa ilifanywa winda la mtoto, kisha ngata ya kubebea mtungi, kisha tambara la jikoni, na hapo ndipo ilipoaga dunia. Waliopita katika hali hiyo walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, pale milango ya biashara ilipofunguliwa Zanzibar katikati ya miaka hiyo na ndoo ya plastiki ikapatikana dukani. Mtu ambaye hakuvaa makatambuga kwa kukosa viatu hana ruhusa ya kuwasifia waliovaa.

Hata hivyo lazima pawepo tofauti baina ya dhiki na ustadi. Dhiki iliwalazimisha watu wafanye kazi hizo. Haikuwafundisha namna ya kuzifanya. Ustadi wa kutoboa kifuu pasipo kukipasua, wa kufukia makumbi katika mchanga wa pwani ya Jambiani na Paje kwa miezi kadhaa, kuyafukua, kuyaponda na kusokota kamba, ulikuwapo kabla ya uhaba wowote. Dhiki ilipoondoka, ustadi ulifukuzwa pamoja nayo kana kwamba ulikuwa shahidi wa aibu.

Mfano wa kinyume chake unaonekana kila siku katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ingawa wapitao hapo aghalabu hawautambui. Picha za Tingatinga, zenye chui wa madoa na ndege wa rangi zote, zimetundikwa katika kila mlango wa duka la ukumbusho. Asili yake si Zanzibar. Edward Saidi Tingatinga alizianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akichora juu ya vibao vya kujengea dari kwa rangi ya kupakia baiskeli. Vitu hivyo havikutengenezwa kwa ajili ya sanaa; vilikuwa vya rahisi, navyo ndivyo vilivyokuwapo. Tingatinga alikufa mwaka 1972, na mtu angetazamia kazi yake izikwe naye. Haikuzikwa, kwa sababu wanafunzi na jamaa zake walishikamana, wakawa na mahali pao pa kufanyia kazi na kuuzia, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Mnunuzi aliyefika kwao alikuta bei, hakukuta mkono ulionyoshwa.

Kizimbani haina ushirika wa namna hiyo kwa vifuu na makuti yake, na ndiyo maana maduka ya Mji Mkongwe hujaa vinyago na picha za kutoka Bara na Kenya, huku mgeni akitafuta bila kupata kitu kilichotoka katika jiko la Unguja. Hapana ubaya kuuza kazi za ndugu wa Bara. Ubaya ni kutokuwa na cha kuweka karibu nazo.

Juhudi za siku za karibuni za kutumia vilivyotupwa zimekuwapo, nazo si za kubezwa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa ndara kuukuu za rangi rangi, lilisafiri hadi Unguja na kuwafungua watu macho juu ya uchafu wa bahari. Lilikuwa tangazo, na likatimiza kazi ya tangazo. Karakana ya Chako hapo Zanzibar huchukua chupa zilizoachwa na mahoteli, huzikata na kuzilainisha zikawa bilauri na taa. Kazi hii inafundisha zaidi, kwa sababu bilauri hununuliwa ili inywewe maji, na atakayeinunua mara ya pili atakuwa ameridhika na maji aliyonywa mara ya kwanza.

Sheria nayo imewahi kufungua mlango. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ilitazamiwa kwamba kikapu cha ukili kingerudi sokoni kwa kishindo. Kilirudi, lakini kwa unyonge. Sehemu kubwa ya nafasi iliyoachwa ilichukuliwa na mifuko mbadala ya kiwandani. Wasukaji hawakuwa wamejiandaa kwa idadi, kwa kipimo wala kwa bei, na hapana chombo chochote kilichowaandaa. Marufuku huondoa bidhaa moja. Haileti nyingine mahali pake bila ya watu kukaa na kupanga.

Ni vyema basi hesabu ifanywe bila kutia chumvi. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 500,000 mwaka 2019, na zaidi ya 600,000 mwaka 2023. Ikichukuliwa kwamba mgeni mmoja kati ya kumi ananunua upawa mmoja, zitahitajika pawa 60,000 kwa mwaka. Ikiwa fundi mmoja atatengeneza tano kwa siku, kwa siku 300 za kazi, watahitajika mafundi 40. Watu 40 hawaondoi ukosefu wa kazi katika kisiwa, na atakayesimama jukwaani kudai hivyo anastahili kuzomewa. Lakini ni watu 40 wenye kazi inayojulikana, katika sehemu ambayo leo kijana husuka taji akisubiri kuona mgeni ana moyo wa namna gani. Na hayo ni ya upawa peke yake, kabla ya kata, vikombe, vifungo vya nguo, na fagio za chelewa.

Yanayotakiwa hayahitaji mkopo kutoka nje. Chuo cha Kizimbani kinachofundisha kilimo cha viungo kina uwezo wa kutenga somo la masalio ya mazao, na kuwaalika wazee wanaojua kazi hizo wafundishe kwa malipo kama walimu wengine. Mahoteli yanayojaza vyumba kwa jina la Zanzibar yanaweza kutakiwa yanunue sehemu ya vyombo vyao kutoka kwa mafundi wa shamba. Ofisi za umma zianze zenyewe; ni ajabu kuhimiza vya nyumbani juu ya meza iliyopangwa sahani za kutupwa.

La kwanza kabisa, hata hivyo, ni bei. Wenye mashamba ya viungo, watembezi na wasukaji wakutane kabla ya msimu wa wageni unaoanza Juni, waandike bei za kila kitu kinachotengenezwa kwa mkono shambani na kuitundika mahali ambapo mgeni anaisoma anapoingia. Taji liwe na bei yake, na upawa bei yake. Mtembezi aliyemleta mgeni apewe fungu lililokubaliwa mbele ya wote, na fungu hilo lisizidi la yule aliyekikwangua kifuu.