Anzeni na Python, ubishi baadaye

Kila mwaka, vijana wakimaliza mtihani wa kidato cha nne, hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, nianze na lugha gani ya programu?" Huko walikotoka wameshavurugwa. Huyu kaambiwa C ndiyo ya watu wazima, yule kaambiwa Java ndiyo yenye ajira. Mimi nawaambia Python, na wenzangu wa fani hunicheka.

Mtoto wa muuza dagaa anataka kujua mteja kabakiza shilingi ngapi. Kwenye Python anaandika deni = 45000, mstari wa pili malipo = 18000, wa tatu print(deni - malipo). Anajibiwa 27000. Basi, kaondoka na kitu cha kumwonyesha mama yake. Kwenye Java, kabla hajalifikia deni lenyewe, mara nyingi ataandikishwa public static void main, na akiuliza ni nini ataambiwa nakili tu, utaelewa mbele ya safari. Ndipo wengi wanapotukimbia. Shuleni wamenakili ubaoni miaka yote. Wakiona na huku ni kunakili, hawarudi.

C naiheshimu. Hata Python tunayoitumia wengi imeandikwa kwa C. Ila kumwanzishia mtoto C ni kumfundisha udereva kwa kumlaza chini ya gari.

JavaScript ndiyo mshindani wa kweli, maana kila simu yenye kivinjari inayo. Brendan Eich aliitengeneza kwa siku kumi mwaka 1995, na haraka hiyo bado inatuumiza. Deni la zamani, 3000, limo ndani ya programu. Deni jipya, 2000, linachapwa kwenye kibodi na kupokelewa kama maandishi. Jumlisha: JavaScript inakupa 30002000, milioni thelathini na ushee, bila hata kukohoa! Python inagoma, inasema namba na maandishi havijumlishwi. Anayejifunza anahitaji mashine inayogoma.

Kero ya Python naijua: nafasi za mwanzo wa mstari. Ukikosea moja, programu haiendi, na kwenye kibodi ya simu hilo linachosha. Lakini asiye na kompyuta anaipakua Pydroid 3 kwenye Android, kisha anafanya mazoezi hata bando likiisha.

Anayetaka kutengeneza tovuti tu, aende zake JavaScript, sina kinyongo. Ila wiki ijayo asije kuniuliza habari za lugha ya Rust.