Programu za mji: ni nani anashika ufunguo?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kulinda Windows 10 bure kama zamani. Kwa mutu wa Goma habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Lakini biro nyingi za serikali huku kwetu zinafanya kazi na mashini za okazio, na mashini nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Kwa hiyo kila mukubwa wa biro iko na njia tatu: kununua mashini mpya, kubaki na programu isiyolindwa, ao kuhamia programu huru kama Linux, ile isiyolipiwa ruhusa na ambayo fundi yeyote anaweza kufungua na kuona namna inafanya kazi.

Mimi niko mutu wa sindika ya machimbo, si fundi wa ordinateri. Lakini shida hii naitambua, juu ya mizani. Kule machimboni, anayeshika mizani ndiye anasema kilo ni ngapi. Kama huruhusiwi kuifungua na kuiangalia, utabishana bei na nini? Programu iliyofungwa ni mizani ya namna hiyo. Tena humo hatupimi mawe: tunaweka majina ya watoto waliozaliwa, karatasi za parseli, kodi ya mama wa soko.

Wandugu, tuangalie wale walioanza mbele yetu. Mwaka 2003, mji wa Munich, kule Ujerumani, uliamua kuacha Windows na kuingia Linux. Steve Ballmer, mukubwa wa Microsoft wakati ule, alikatisha likizo yake akaenda kuongea na meya Christian Ude. Alileta bei ya chini, lakini mji ulikataa. Kazi ilichukua karibu miaka kumi, na kufikia 2013 mashini karibu 15,000 zilikuwa zimehamia. Halafu akaja meya mwingine, na 2017 baraza la mji likapiga kura ya kurudi Windows. Mwaka 2020 wakubwa wapya wakapatana tena kutanguliza programu huru.

Kuna watu wanatumia hadithi hiyo kusema: "Munaona? Linux ilishindwa." Hapana. Uchunguzi ambao mji wenyewe ulilipia, na uliofanywa na Accenture, kampuni iliyo rafiki wa kazi wa Microsoft, ulionyesha kwamba shida kubwa ilikuwa mpangilio wa kazi: huduma za ordinateri ziligawanyika, na madaraka hayakuwa wazi. Watumishi walilalamika, na malalamiko yao yakawa silaha ya wanasiasa.

Jendarmeri ya Ufaransa ilipita njia ingine. Haikuruka siku moja. Mwaka 2005 ilianza na programu ya kuandika barua, halafu ikabadili ya intaneti na ya mesaje. Watu walipokwisha kuzoea, ndipo 2008 ikaanza kutoa Windows yenyewe. Leo makumi ya maelfu ya mashini zao zinatembea na Linux. Walibadili polepole, na mutumishi hakuamka asubuhi moja akakuta kazi yake imegeuka kigeni.

Sisi wa machimbo tunajua pia kubadili mfumo ni nini. Mwishoni mwa 2018, Société Minière de Bisunzu, kule Rubaya, iliacha mfumo wa etikete wa iTSCi, ikaingia ule wa RCS Global. Mikataba ya namna hiyo inafanywa kati ya makampuni. Muchimbaji anaona tu etikete kwenye mufuko wa koltani. Hesabu ya mifuko ya miaka yote iko ndani ya mashini ambayo yeye hana ufunguo wake. Mimi sisemi etikete ni mbaya. Nasema mwenye jasho hakukaa kwenye meza. Mambo hayo yasifike mpaka kwenye karatasi za mji wote.

Najua jibu litakuwa gani: "Nani atatengeneza Linux hapa Goma?" Watoto wetu! Kila mwaka ISIG na vyuo vingine vya mji huu vinatoa vijana waliosoma informatike, na wengi wanazunguka na diploma ndani ya sashe. Dola ya ruhusa inavuka mupaka na hairudi. Dola ya fundi wa Goma inanunua makala na sombe katika soko la Virunga. Tena LibreOffice inafanya kazi bila intaneti, na sisi tunajua bei ya megabaiti.

Hata luga yetu inafaidika. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Swideni walitoa Jambo OpenOffice, programu ya biro katika Kiswahili. Hawakungoja kampuni ya mbali iwahurumie. Programu ilikuwa wazi, wakaingia, wakaitafsiri.

Basi naomba mambo matatu kwa yeyote anayeongoza mji, leo ao kesho. La kwanza: mkataba wowote wa programu useme wazi kwamba karatasi zetu ni zetu, zinatoka katika mtindo ambao programu ingine inaweza kusoma, na kopi inabaki mikononi mwa mji. La pili: tuanze na LibreOffice, komini moja moja, na mutumishi afundishwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa, si jioni kwa feza yake. La tatu: sindika ya watumishi iitwe mbele ya sahihi, si kisha sahihi.

Goma imeona lava ya 2002 na ya 2021. Imeona vita ya Januari 2025 na mabanki kufungwa. Wakubwa wanapita, lakini mama anayetafuta akti ya kuzaliwa ya mtoto wake anarudi kila mara kwenye dirisha lile lile. Siku atakapofika, asijibiwe kwamba akti iko, ila ufunguo uko kwa mwingine.